Usichomoe waya wa erthi ndio studio inyamaze

Jana usiku kijana mmoja wa Kakamega amenitumia meseji, ati studio yake ya nyumbani inavuma vuuu kwa spika na kuna mtu amemshauri afungue plagi achomoe ule waya wa kijani na njano, ndio wa erthi unaopeleka umeme uliovuja mchangani, mvumo utaisha. Nimeshindwa kulala. Juu mara nyingi unaisha kweli, na ndio maana huo ushauri unasambaa hivyo.

Mimi studio yangu iko Kisumu, chumba cha nyuma kwa nyumba ya zamani ya kuta nene. Nilipendea hizo kuta, boda zikipita nje husikii. Nikapaka rangi, nikagongelea magodoro kuukuu, nikanunua maiki nzuri. Stima sikuangalia. Soketi zilikuwa za matundu matatu, mpya, nyeupe, nikajua niko sawa.

Sasa kuna jaduong' (mzee) mmoja wa nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, wa huko Siaya, nilimbembeleza karibu miezi minne akuje nimrekodi. Akaja siku ya mvua. Viatu akaacha mlangoni kwa heshima, na sakafu yangu ni simiti, ilikuwa na unyevu. Nikaweka maiki moja karibu na ngozi ya nyatiti na ingine ya kuimbia, akajaribu zile nyuzi nane moja moja, akasogea aanze kuimba, mdomo ukagusa maiki, stima ikamrusha. Hakupiga kelele. Alishika mdomo akaniangalia, akafunga nyatiti yake kwa leso akasema atanipigia. Ni mwaka wa pili huu.

Nikalaumu saundikadi, ile boksi inayounganisha maiki na laptopu. Nikanunua ingine ya 18,000, pesa ya kodi hiyo, na hiyo pia ikarusha. Fundi wa kwanza akaingiza testa kwa soketi, ikawaka, akasema stima iko, akachukua 1,500 yangu akaenda. Hiyo bado inaniuma, juu testa kuwaka inakuonyesha waya wa moto tu, haisemi chochote kuhusu erthi.

Wa pili alikuwa mama mmoja mwenye leseni. Akazima meni, akafungua soketi moja akaniita nione. Nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Pale pa erthi skrubu haijashika kitu. Mtu alibadilisha soketi akaacha waya wa zamani vile ulivyokuwa. Akawasha tena, akaweka multimita kati ya bodi ya saundikadi, yaani ganda lake la chuma, na bomba la maji: volti 113. Akanieleza pole pole kama mwanafunzi. Chaja ya laptopu na pawa saplai nyingi zina vichujio ndani ambavyo vinavujisha umeme kidogo kwa bodi. Erthi ikiwepo huo umeme unashuka mchangani na hakuna anayejua. Isipokuwepo, bodi inakaa karibu nusu ya ile 240 ya ukutani, na maiki ni chuma kimoja na bodi kupitia kebo. Hiyo ndiyo ilimngoja mzee. Na huo ni ule mdogo wa kushtua. Waya wa moto ukiachia ndani ya ampu ukaguse bodi, bila erthi fyuzi haikatiki, bodi yote inakuwa 240 na wewe umeishika.

Alipigilia rodi ya shaba ya mita 1.2 nje ya dirisha, akavuta waya mpya hadi kwa bodi ya meni na kwa soketi zangu, akafunga RCD ya miliampea 30, swichi inayokata stima haraka ikivuja. Yote 14,500. Chini ya ile saundikadi ambayo haikuwa na shida! Na nisikie vizuri, usipigilie rodi ya studio peke yake ukaiacha bila kuunganishwa na erthi ya nyumba, radi ikipiga, na huku kwetu jioni zinapiga, hizo erthi mbili zinaweza kutofautiana volti nyingi sana na vyombo vyako viko katikati.

Mvumo ulibaki kidogo. Nilikuwa nimechomeka spika kwa soketi ya sebuleni na saundikadi kwa ya chumbani, erthi zinakutana kwa njia mbili na stima inazunguka humo kupitia kebo za sauti. Hapo nyuma nilikuwa nimekata hezi 50, masafa ya mvumo wa stima, kwa ikwalaiza nikaua besi zangu zote. Dawa ilikuwa kuchomeka kila kitu kwa soketi moja kwa ekstensheni nzuri na kutumia kebo za balansi, zile za nyaya mbili za sauti zinazofuta kelele. Kimya. Sasa wateja wakivaa hedifoni wananiuliza kama imewashwa.

Kwa hivyo wewe wa Kakamega, ndugu yangu, chomoa chaja, endesha laptopu kwa betri usikilize. Mvumo ukiisha, ujue unapitia kwa chaja. Halafu kabla ununue kitu kingine chochote tafuta fundi mwenye leseni apime erthi kila soketi, asimamie hapo mbele yako. Huo waya wa kijani na njano uuache. Usiruhusu mtu yeyote aimbe kabla fundi hajapima.

Mzee nimempigia tena leo asubuhi. Mjukuu ndiye ameshika, nikamwambia erthi iko.