Mapigo matatu hayatoi kipindi cha pulsa

Swali: Natafuta pulsa, yaani nyota zinazozunguka zikitoa mapigo ya redio. Katika data ya saa moja kwenye gigahezi 1.4 nimepata mapigo matatu yenye mtawanyiko uleule (kipimo cha jinsi pigo linavyochelewa kwenye masafa ya chini), yakipishana kwa sekunde 171.20 na 261.08. Programu imenipa kipindi cha sekunde 4.28, lakini nikiikunja data kwa kipindi hicho, yaani kuvipanga vipande vyake kimoja juu ya kingine, sioni kitu. Tatizo ni nini?

Jibu: Ulitarajia kuona nini? Saa moja ina mizunguko 841 ya sekunde 4.28. Ukiijumlisha yote, kelele inakua mara 29, ambacho ni kipeuo cha pili cha 841. Mapigo matatu yenye nguvu mara 10 ya kelele yanafika 30 tu, kwa hiyo yanazama. Ndiyo maana pulsa 11 zinazoonekana kwa mapigo machache namna hii, zilizotangazwa mwaka 2006 kutoka data ya darubini ya Parkes, Australia, zilipatikana kwa kusaka pigo mojamoja.

Kinachoudhi ni hiyo 4.28. Programu inatafuta kigawo kikubwa cha shirika cha nafasi kati ya mapigo, basi. Kwako imepata mizunguko 40 na 61. Likitokea pigo la nne sekunde 126.26 baada ya la tatu, utapata mizunguko 29.5, na kipindi kitashuka hadi 2.14. Kwa nafasi mbili, uwezekano wa kupewa kigawe cha kipindi (mara mbili yake, mara tatu na kuendelea) badala ya kipindi chenyewe ni takriban asilimia 39. Kwa nafasi tatu, 17. Kwa saba, chini ya 1. Kwa hiyo subiri mapigo manane, na kabla ya kutoa wakati wa pigo moja kwenye wa jingine, zirekebishe nyakati zote kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa jua, hasa ukiunganisha data ya siku tofauti.

Wapo wanaolitupa pigo lisilokubaliana na kipindi walichokwisha kukipenda. Huo si uchambuzi. Wengine hata hawakagui kama pigo limetoka angani. Kwa mtawanyiko wa parseki 100 kwa sentimita ya ujazo, pigo kwenye gigahezi 1.2 lazima lichelewe milisekunde 104 nyuma ya lile la 1.5; pigo likiwa na nguvu zaidi kwenye mtawanyiko sifuri, ni la hapahapa duniani. Na hata mchelewo haukingi kila kitu: mwaka 2015 ilibainika kuwa baadhi ya mapigo ya Parkes yaliyoiga mtawanyiko yalitoka kwenye maikrowevu iliyofunguliwa mlango ikiwa bado inafanya kazi. Yaliumbuliwa na kuonekana kwenye miali yote 13 ya kipokezi, kila mmoja ukitazama sehemu yake ya anga, kwa wakati mmoja. Kwa hiyo fungua pia data ya miali ya jirani, kwa kila pigo kati ya hayo matatu.