McDonald's iliuzaje baga India?

Umeuliza McDonald's iliwezaje kuuza baga India, ambako Wahindu wengi hawagusi nyama ya ng'ombe. Iliiondoa kabisa tangu ilipofungua Delhi mwaka 1996, na nguruwe pia, kwa kuwajali Waislamu. Baga kubwa ikawa Maharaja Mac, mwanzoni ya nyama ya kondoo, baadaye ya kuku. Ikaja na McAloo Tikki, ya viazi na njegere.

Lakini menyu ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko jikoni. Asiyekula nyama kule hatosheki kuambiwa chakula hiki hakina nyama. Anataka kujua mafuta yalikaangia nini kabla. Ndiyo maana jiko liligawanywa: vikaangio, vyombo na wafanyakazi wa mboga mbali, wa nyama mbali, na wa mboga wakavaa aproni za kijani. Hata mayonezi ilitengenezwa bila mayai, maana wengi wao hawayali.

Bado 2001 moto uliwaka. Ilipojulikana kwamba chipsi za Marekani zilitiwa kionjo kitokanacho na ng'ombe, waandamanaji walivamia mgahawa wa Thane, karibu na Mumbai, ingawa kampuni ilisema chipsi za India hazikuwa nacho.

Kwa hiyo ukienda kuuza chakula ugenini, anza na wanaokuletea bidhaa. Dai orodha ya viambato vyote kwa maandishi, hasa vionjo, jelatini na mafuta ya kukaangia. Humo ndimo nyama hujificha bila muuzaji mwenyewe kujua.