Picha ya mahafali: joho la Novemba, mwanga wa Julai

Mhariri, swali lenu la wiki limeuliza: "Picha za mahafali zipigwe msimu gani na saa ngapi ili zitoke vizuri?" Kwa Dar es Salaam na ukanda wote wa pwani, jibu fupi ni hili: Juni hadi Septemba, tangu jua linapochomoza hadi saa 2:00 asubuhi. Kikwazo ni joho. Vyuo vikuu vingi hufanya mahafali kati ya Oktoba na Desemba, na joho la kukodi hutolewa siku chache kabla ya sherehe na hutakiwa kurudishwa siku chache baadaye. Mwanga mzuri uko Julai, joho liko Novemba.

Njia ya kutoka hapo ni kupiga picha mara mbili. Marekani wamezoea hivyo: wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari hupigwa picha zao rasmi kiangazi au majira ya majani kupukutika, miezi mingi kabla ya mahafali ya Mei au Juni. Kwetu, picha kubwa ya kutundika sebuleni, ya suti, kitenge au gauni, ipigwe wakati wa kipupwe. Picha za joho ziwe chache na zipigwe siku moja au mbili kabla ya sherehe. Siku yenyewe ya mahafali waachieni ndugu, jamaa na mashada ya maua, maana saa 6:00 mchana, katikati ya umati, hakuna mpiga picha anayefanya miujiza.

Hilo la kutenganisha siku tuwaige. Saa zao tusiziige. Maelekezo mengi ya mtandaoni husema "saa moja kabla ya jua kuzama", na yameandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta. Chicago mwezi Juni, jua huchukua kama saa nzima kushuka nyuzi 10 za mwisho kabla ya upeo wa macho. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua hushuka karibu wima, na nyuzi hizo 10 huisha kwa dakika 40 na kidogo tu. Likishazama, mwanga unaofaa kwa picha ya mtu hubaki dakika 15 hivi, kisha giza. Anayefika saa 12:00 jioni huku bado anafunga vifungo vya joho amekwisha kuchelewa.

Tena kuzama kwenyewe hakuna saa moja mwaka mzima. Dar es Salaam mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa 12:15 jioni, katikati ya Novemba kama saa 12:20, na Februari husogea hadi karibu saa 12:45. Kuchomoza ndiko kunakowashangaza watu: Juni na Julai ni kama saa 12:35 asubuhi, lakini Novemba jua liko juu kabla ya saa 12:00. Hivyo mwanga ambao Julai mngeupata hadi saa 2:00, Novemba umekwisha kabla ya saa 1:30. Na kwa kuwa nchi nzima inatumia saa moja, Dodoma hupata machweo yake kama dakika 14 baada ya Dar es Salaam, na Mwanza karibu dakika 25.

Kama hamna programu ya kuonyesha mwendo wa jua, tumieni kivuli cha mhusika mwenyewe. Kikiwa kifupi kuliko urefu wake, jua limevuka nyuzi 45: msimpige picha juani. Kikiwa mara mbili ya urefu wake, jua liko kwenye nyuzi 27 hivi, na hapo kazi inaanza kuwezekana. Kofia ya mahafali huongeza ukali wa kanuni hii. Ule ubao wa juu hutupa kivuli usoni mapema, macho yakawa mashimo meusi huku kidevu kinang'aa. Kofia ikae sawasawa, ukingo wake vidole viwili juu ya nyusi, na jua likiwa juu mhusika aligeuzie mgongo.

Asubuhi na jioni, kipi bora? Mimi ni wa asubuhi, ingawa najua saluni haziipendi. Upepo wa kusi, unaovuma kwa nguvu Juni hadi Agosti, huwa mtulivu asubuhi na hupanda mchana. Uso haujaanza kutoa jasho, joho bado limenyooka, na hakuna foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Wanaong'ang'ania jioni wapange kwa kurudi nyuma. Ikiwa jua linazama 12:20, picha za mtu mmoja zianze 11:35, za familia 11:00, wote wawe wamefika 10:30, na anayepamba uso awe amemaliza kabla ya 9:30. Halafu watazame upande wa magharibi. Jengo la mita 10 lililo umbali wa mita 110 huficha jua likiwa bado nyuzi 5 juu ya upeo, yaani linawanyang'anya kama dakika 20 za mwisho, ambazo ndizo walizozifuata.

Ufukweni watu wengi hukosea dira. Coco Beach inatazama mashariki, kwa hiyo jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya majengo. Anayetaka jua likizama majini aende upande wa pili wa rasi ya Msasani, kwenye ghuba ya Msasani. Na maji yaangaliwe kabla ya kuweka miadi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa 10:00, alfajiri na alasiri, na mchanga uliopanga kusimama unakuwa haupo. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Pembeni ya bahari simameni upepo ukiwapiga usoni, joho lipeperuke kwenda nyuma. Ukija kwa nyuma, mikono ya joho huruka mbele na kofia huondoka. Kuishikilia kofia, pini mbili za nywele kila upande zinatosha.

Mkilazimika kupiga mchana, tafuteni baraza, na mjue ni baraza ipi. Novemba hadi Januari jua la mchana hupita upande wa kusini, hivyo baraza inayotazama kaskazini ndiyo yenye kivuli. Juni hadi Agosti jua hupita kaskazini, mkahamie inayotazama kusini. Karibu na tarehe 10 Oktoba na 3 Machi linapita utosini kabisa, na siku hizo adhuhuri kaeni ndani. Mhusika asimame hatua moja tu ndani ya ukingo wa kivuli, uso ukielekea anga wazi. Akiingia hatua tatu zaidi, macho hupoteza ule mng'aro. Mwembe na mwarobaini vina kivuli kizuri cha kupumzikia, lakini jua linalopenya kwenye majani huacha madoa usoni, na nyasi chini hurusha rangi ya kijani kwenye kidevu. Sakafu ya saruji au mchanga mweupe hurudisha mwanga kwa upole zaidi. Joho jeusi halirudishi chochote, kwa hiyo mtu ashike karatasi nyeupe ya manila au kipande cha jalbosi, ile karatasi ya bati inayong'aa, usawa wa kiuno cha mhusika, nje ya fremu.

Weusi huohuo wa joho huidanganya kamera. Joho likijaza fremu, kamera hudhani pana giza, huongeza mwanga, na shati jeupe pamoja na paji la uso vinaungua kwa weupe. Anga ikijaa nyuma ya mtu, hufanya kinyume chake, na uso unazama gizani. Pimeni mwanga usoni. Kwenye simu gusa uso, shikilia hadi kipimo kijifunge, kisha shusha mwanga kidogo. Simu isogezwe nyuma hatua mbili na itumie lenzi ya 2x, ile ya kukuza mara mbili, maana lenzi pana ikikaribia uso huvimbisha pua. Kwenye kamera, lenzi ya mm 85, tundu la lenzi f/2.8 hadi f/4 kwa mtu mmoja, f/8 kwa familia ya safu mbili, kasi isipungue 1/250 ya sekunde. Flashi ikitumika, poda isiyo na rangi yenye silika hugeuka weupe wa majivu kwenye ngozi nyeusi, na mara nyingi mpiga picha ndiye hulaumiwa. Mpambaji aulizwe mapema kama kutakuwa na flashi.

Kuhusu mvua: masika, Machi hadi Mei, Aprili ikiwa mbaya zaidi, msiweke miadi bila siku ya akiba. Vuli hunyesha kwa vipande, na manyunyu yakipita hewa husafishika na majani hung'aa, hivyo msikimbilie nyumbani. Subirini chini ya paa, pindo la joho limekunjwa lisiguse tope, kwa sababu joho la kukodi likirudi na madoa mtadaiwa. Kamera iliyotoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi iachwe ndani ya mkoba uliofungwa kwa dakika 20 hadi 30 kwanza. Ikitolewa moja kwa moja kwenye joto la Dar es Salaam, lenzi hushika ukungu, na kuifuta kwa nje hakusaidii, maana unyevu unaendelea kuganda mpaka kioo kipate joto.