Una LC-MS? Usikimbilie Kununua GC-MS

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji ambaye maabara yao ina LC-MS nzuri (mashine inayotenganisha vitu vilivyo kwenye kimiminika kisha kupima masi zao), lakini sampuli zinazoletwa siku hizi ni za vitu vinavyovukizika: mabaki ya viuatilifu, hidrokaboni zenye pete nyingi, manukato. Wakubwa wake wanataka kununua GC-MS kamili, yaani mashine ya namna hiyo inayotenganisha vitu vikiwa gesi. Yeye amesikia kwamba sehemu ya GC peke yake inaweza kuungwa kwenye mashine waliyo nayo, akaniuliza kama ni kweli au ni maneno ya wauzaji.

Ni kweli, ndugu. Ndiyo kazi inayonipa ugali wangu, na najivunia kusema hivyo, kwa sababu nilipoipendekeza kwa mara ya kwanza kikaoni mtaalamu mmoja aliyenizidi cheo aliniambia mbele ya wote kwamba spektra (picha ya vilele vya masi) isiyo na maktaba ya kuilinganisha nayo ni kelele tu, na kwamba hakuna mwenye akili anayeunganisha gesi na mashine ya kimiminika. Watu wakacheka. Bado inaniuma, sitaficha. Basi nikaenda kusoma, na nilichokisoma ndicho kinachonipa jeuri ya kuandika leo.

Tulivyofundishwa wengi wetu, gesi inatoka kwenye kolamu (bomba jembamba linalotenganisha vitu), inaingia kwenye ombwe, inapigwa na elektroni zenye nishati ya eV 70. Lakini molekuli nyingi za kikaboni zinahitaji eV 8 hadi 11 tu ili kupoteza elektroni moja. Sehemu kubwa ya ziada inayobaki ndani ya molekuli inaishia kuvunja bondi. Chukua kiuatilifu klopairifosi: kwa njia hiyo unaona vipande vyenye masi ya 97, 197 na 314 vimejaa, huku molekuli yenyewe, 349, ikiwa kilele kidogo pembeni ambacho uchafu wa sampuli unaweza kukifunika kabisa. Kwa uionishaji laini wa kwenye chemba ya LC-MS, yaani kuipa molekuli chaji bila kuivunja, palipo na unyevu kidogo, unapata 350 (molekuli pamoja na protoni moja) ikiwa imesimama wima, na 352 kando yake ikiwa karibu na urefu uleule, kwa sababu ya klorini tatu. Mara ya kwanza kuviona vilele hivyo viwili nilimwita kila aliyekuwa karibu aje atazame.

Wala wazo si geni. Evan Horning na wenzake huko Houston walichapisha mwaka 1973 chemba inayotengeneza ioni kwenye shinikizo la kawaida la hewa, nje ya ombwe, kwa kutumia nikeli-63 yenye mnururisho. Mwaka 2005 Charles McEwen na Richard McKay walieleza chemba moja inayohudumia LC na GC kwenye spektrometa ileile. Leo mnaweza kununua vifaa vya APCI (uionishaji wa kikemia kwenye shinikizo la kawaida la hewa) vilivyotengenezwa maalumu kwa GC, na vingine vinavyotumia plazma. Akikuchekeni mtu kikaoni, mtajieni miaka hiyo.

Habari za vibali, bajeti na mafundi nitaziruka, kila mtu anazijua. Tuingie kwenye mambo mawili yanayoamua kama utafaulu: joto na maji.

Joto kwanza, maana halina maneno mengi. Mwisho wa kolamu lazima ufike karibu kabisa na sindano ya korona (ncha ya umeme inayotengeneza ioni), na njia yote kutoka kwenye oveni mpaka ncha ile iwe na joto lisilopungua popote. Sehemu ndogo tu ikipoa, vitu vizito vinaganda hapo, vilele vya mwisho vinaota mikia mirefu, nawe utaanza kuilaumu kolamu. Ukiona vilele vya mwanzo vimenyooka na vya mwisho vina mikia, kagua joto la bomba la kupitishia kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Maji sasa. Hapa ndipo penye elimu yote, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Korona inaipokonya nitrojeni elektroni. Nitrojeni inashikilia elektroni yake kwa eV 15.6, kwa hiyo ikishapokonywa, nayo inaipokonya molekuli yako, na unapata M ikiwa na chaji bila kuongezeka kitu. Hiyo ni hali kavu. Unyevu ukiingia, maji yanabeba protoni na kuzigawa kwa molekuli yoyote inayovutia protoni kuliko maji, yaani inayozidi 691 kJ/mol, na kilele chako kinasogea kwa kizio kimoja. Fenantrini, mojawapo ya hidrokaboni zenye pete, inatoka 178 ikiwa kavu. Palipo na maji, 179 nayo inakua. Tatizo ni kwamba 179 ipo tayari, kutokana na kaboni-13. Tofauti ya hizo 179 mbili ni 0.0045 tu, na kuvitenganisha kunahitaji uwezo wa mtenganisho wa 40,000 hivi. Mwenye kwadrupoli ya kawaida (kipima masi kisicho na uwezo huo) hataviona tofauti. Ataona tu uwiano wa isotopu umeharibika na kudhani sampuli ndiyo mbovu.

Kwa hiyo amua mapema: kavu au yenye maji, na ukishaamua usiruhusu hali ya kati. Hidrokaboni zenye pete na dayoksini zinapendeza kwenye hali kavu. Viuatilifu vingi vyenye oksijeni, nitrojeni au fosforasi vinafurahia maji, na kichupa kidogo cha maji ndani ya chemba kinatosha. Ukitaka kavu, nitrojeni iwe safi kweli, chemba ifungwe vizuri, na uiache ipate moto na kukauka kabla ya sampuli ya kwanza. Narudia: iache ikauke. Vijana mnapenda kufungua mlango wa chemba, kuchungulia, kufunga na kuanza kazi papo hapo. Kisha mnalalamika kwamba matokeo ya asubuhi hayafanani na ya jioni.

Siloksani (kemikali za silikoni) zinazovuja kutoka kwenye kolamu msizichukie. Ile ya 371.1012 huonekana wakati wote mnapopima, na naitumia kusahihisha masi kwenye kila sampuli. Alkani za kawaida tulizozoea kwa kupima faharasa ya muda wa kutoka kwenye kolamu hazipokei protoni vizuri, kwa hiyo tumieni esta za methili za asidi za mafuta.

Na maktaba? Yule mtaalamu alikuwa na hoja kidogo: spektra za eV 70 zilizokusanywa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, hazitakusaidia hapa. Lakini ukiwa na masi kamili, muundo wa isotopu, muda wa kutoka kwenye kolamu na vipande unavyovitengeneza mwenyewe kwa kugonganisha ioni na gesi, una ushahidi mzito kuliko kufanana kwa asilimia fulani na picha ya kwenye kompyuta. Sampuli isiyojulikana ipitishe mara mbili, kavu halafu yenye maji. Kilele kikisogea kwa kizio kimoja, umejua masi ya molekuli bila kubahatisha. Weka kumbukumbu za sampuli zako sanifu kuanzia siku ya kwanza, na usimngoje mtu akutengenezee maktaba.

Uliuliza pia, ndugu, kuhusu heliamu, gesi iliyozoeleka kubeba sampuli ndani ya kolamu. Kwa kuwa kolamu haimwagi gesi yake moja kwa moja kwenye ombwe, pampu hazikubani kama kwenye GC-MS ya kawaida, na nitrojeni inafaa kuwa gesi ya kubebea. Itakuchelewesha, maana nitrojeni hutenganisha vizuri ikiwa kwenye mwendo mdogo. Kolamu fupi na nyembamba hurudisha sehemu ya muda uliopotea. Haidrojeni ina kasi zaidi, lakini chemba ile ina korona na joto kali, kwa hiyo pata kibali cha maandishi cha mtengenezaji kabla hujaifungulia.