Kwa mtafsiri mgeni: udenda, matope na neno "mess"

Mnaoanza kutafsiri mazungumzo ya filamu kutoka Kiingereza, msiyadharau maneno ya mitaani. Istilahi za sheria na tiba zina kamusi zake. Kinachomwangusha mtafsiri mchanga ni "slobber" na "slob", maana yote huonekana ni uchafu tu, kumbe kila moja lina uzito wake.

Tuanze na udenda. Mtoto anayeota meno, Mmarekani husema "drool", Mwingereza mara nyingi husema "dribble", wala hakuna tusi. Andika "anatokwa na udenda", basi. "Slobber" ni ule wa mbwa, mwingi, unaoning'inia. Mtu mzima akiambiwa hivyo amevunjiwa heshima. "Dribble" lina undugu na "drip", kudondoka, na kiishio chake kinaonyesha jambo linalojirudia: tone, tone, tone. Kwenye soka nako mpira unaguswa kidogo kidogo, nasi tunasema anaukokota.

La hatari ni "drivel". Katika Kiingereza cha kale, "dreflian" ilikuwa kutokwa na udenda, na yaelekea "drool" limechipuka humo humo. Leo maana ya udenda imefifia. Mbunge akimwambia mwenzake "that is drivel", ukitia habari za mate umeharibu; andika "huo ni upuuzi".

"Slob" limetoka kwenye neno la Kiayalandi "slab", yaani matope, na katika karne ya 19 likahamia kwa mtu. Mwone kwenye kochi, fulana ina madoa ya mchuzi wa jana, sahani ziko miguuni. Hapa sitafuti neno moja la kudumu, naangalia nani anasema. Mke akimfokea mumewe, "mchafu wewe!" inatosha. Jirani akimsengenya, "hajipendi yule" ndiyo Kiswahili chenyewe.

"Mess" lilianza mezani: Kifaransa cha zamani "mes", chakula kilichoandaliwa. Ndiyo maana askari wetu hula mesi. Baadaye likawa chakula kilichochanganywa, kisha vurugu yoyote. Kwa hiyo msilitafsiri bila kuangalia kilichoharibika. Chumba ni shaghalabaghala. Mipango imeingia mdudu. Na shoga akimkuta mwenzake analia, macho yamevimba, akasema "you're a mess", usafi haumo kabisa: "Jamani, shoga, umekuwaje?"