Kutenda wema moyo ukiwa mzito si unafiki

Ndugu uliyeuliza kama kumtendea mema shemeji usiyempenda ni unafiki, mimi nasema hapana, na silisemi hili kwa nadharia.

Wanafiki wa Mathayo 6 wanasali na kutoa sadaka ili watu wawaone. Wewe unapambana na moyo wako na hakuna anayekupigia makofi. Soma pia Mathayo 21, wale wana wawili waliotumwa shambani. Mmoja alisema anakwenda, asiende. Mwingine alisema "Sitaki", baadaye akaenda. Yesu hakuuliza nani alikuwa na hamu ya kazi. Aliuliza nani aliyefanya mapenzi ya baba.

Mimi ulionitesa ni uvumilivu. Kazini kuna mzee mmoja, jambo la dakika moja analianzia mbali, anarudi nyuma, kisha anakuuliza, "Hivi nilikuwa nasema nini?" Nikaamua kitu kimoja tu: simkatizi. Nalaza simu kifudifudi mezani, namtazama, nasubiri amalize. Mwanzoni nilikuwa nauma meno, na sikudanganyi kwamba leo nazifurahia hadithi zake. Lakini humo humo nikaja kujua kwamba anauguza, usiku halali. Nikajikuta namtaja kwenye sala bila kujilazimisha. Sala yenyewe ikabadilika pia. Zamani nilikuwa namsomea Mungu mahitaji yangu, amina, nalala. Siku hizi nikimaliza yangu nakaa kimya kidogo.

Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu (1873–1897), mtawa wa Ufaransa, alisimulia kwamba wakati wa sala mtawa mmoja nyuma yake alikuwa na kikelele cha kuudhi mno. Alitamani kugeuka amkazie macho. Akavumilia mpaka jasho likamtoka, kisha akaamua kukisikiliza kama muziki na kumtolea Yesu. Mtakatifu mzima, jasho!

Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, inafundisha kwamba imani, matumaini na mapendo ni zawadi ya Mungu, ila fadhila (tabia njema) za busara, haki, nguvu na kiasi hukua kwa kurudiarudia matendo, neema ikiyatakasa. Kwa hiyo usisubiri kujisikia ndipo utende.

Ila kama huyo shemeji anakupiga au anakudhulumu, usikubali mtu akuambie kunyamaza ndio uvumilivu. Haki nayo ni fadhila. Kama ni maneno yake tu yanayokukera, mimi ningeanza na salamu, tena ya kumtaja jina. Habari ya kukaa naye meza moja iache kwanza.