Daktari wa Wanyama Anakujibu: Jeki anaogopa kuingia ndani

SWALI: Daktari, habari za kazi? Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Moshi. Nina mbwa wangu Jeki, dume la rotwaila, miaka 7. Alianza kuchechemea mguu wa nyuma wa kulia, tukadhani amejikwaa. Baadaye sehemu ya goti ikavimba, ikawa ngumu ukiishika, na usiku akawa analia. Alipopigwa eksirei tukaambiwa ni saratani ya mfupa. Mwanangu anafanya kazi Nairobi, akaja kumchukua. Mguu ukakatwa huko, wote mpaka nyongani, kisha akaanzishiwa dripu za kaboplatini, dawa ya saratani, kila baada ya wiki 3. Sasa yuko nyumbani, na dripu zilizobaki anapewa na daktari wa hapa.

Kidonda kimepona na nyuzi zimetolewa. Shida ni kutembea. Nje kwenye majani anakwenda vizuri, hata kuku anawafukuza. Lakini akifika mlangoni anasimama anatetemeka. Akiingia, hatua mbili tu mguu unateleza kwenda pembeni, anaanguka kwa kishindo. Siku hizi anakataa kabisa kuingia, analala barazani. Sebule yetu ni ya marumaru na vyumba ni saruji nyekundu ya zamani inayopakwa nta. Ana kilo 47. Naogopa kumtembeza asije akachoka. Mwanangu ameona kwenye simu miguu ya bandia na vigari vya mbwa, anauliza kama anunue. Na majirani hawaachi kuniambia namtesa, bora adungwe sindano alale. Je, namtesa? Ataishi muda gani? Wajukuu wananiuliza.
Mwalimu, Moshi

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na poleni sana kwa mliyoyapitia. Nianze na la majirani, maana naona ndilo linalokuumiza zaidi. Humtesi. Kilichomtesa Jeki ni ule mfupa. Uvimbe wa namna ile hula mfupa kwa ndani, na maumivu yake hayashikwi na dawa kwa muda mrefu. Ndiyo maana alikuwa analia usiku. Mguu ulipoondoka, maumivu yale nayo yaliondoka, na sasa anafukuza kuku. Majirani wanautazama mguu ambao haupo. Wewe mtazame mbwa aliyebaki.

La muda wa kuishi nakujibu bila kukuficha. Saratani hii, osteosakoma, hupenda sana mbwa wa maumbo makubwa, na rotwaila ni mmoja wao. Inapogunduliwa, karibu kila mara chembe zake huwa zimeshafika mapafuni, hata kama picha haionyeshi kitu. Mbwa wanaokatwa mguu bila kupewa dripu, nusu yao hufariki ndani ya miezi 4 au 5. Wanaokatwa na kupewa dripu, nusu yao hufikisha miezi 10 hadi 12, na kama mmoja kati ya watano huvuka miaka 2. Siwezi kukuambia Jeki ataangukia fungu gani. Wajukuu waambie kweli: Jeki alikuwa mgonjwa sana, dawa zimempa muda, na muda huo ni wa kuwa naye. Na ndiyo sababu sipendi kusikia kwamba anaumalizia barazani kwa kuogopa sakafu.

Mwalimu, maelezo yako yenyewe yameshatoa jibu. Kwenye majani anakimbia, kwenye marumaru anaanguka. Mwili ni ule ule, kilichobadilika ni anachokanyaga. Zamani mguu mmoja wa nyuma ukiteleza, mwenzake ulimshika. Sasa ukiteleza, hana kingine. Akianguka mara kadhaa anajifunza kuogopa, akiogopa anakaza misuli na kukanyagia ncha za kucha, na kucha kwenye marumaru zinateleza kuliko nyayo. Kwa hiyo, kabla hujanunua kitu chochote cha kwenye simu, mtengenezee njia.

Sizungumzii nyumba nzima. Angalia anakopita: kutoka mlangoni hadi anapolala, hadi kwenye maji, hadi pale miguuni pako unapokaa jioni. Tandika njia hiyo mfululizo, bila kuacha pengo la kumlazimu aruke. Zulia la mkonge ni zuri mno kwa kazi hii, linashika nyayo na halina bei kubwa. Mazulia ya mpira ya magari yaliyochakaa yanafaa, na ile mikeka ya sponji ya watoto inayoungana vipande inafaa pia. Mkeka wa ukindu usitumie, utaondoka naye. Chochote utakachotandika, kibandike pembeni kwa gundi ya utepe, maana zulia linalotembea ni hatari kuliko sakafu tupu. Na tafadhali acha kupaka nta vyumba anavyoingia. Najua sakafu nyekundu isiyong'aa inaudhi macho ya mwenye nyumba wa Kichaga, lakini nta ile ndiyo inayomwangusha.

Kisha shika mguu wake uliobaki, ugeuze, uangalie chini. Manyoya yakiwa yamechomoza kati ya vidole, yanafunika nyayo, anakuwa kama amevaa soksi. Yapunguze kwa mkasi wa ncha butu. Kucha zikatwe fupi. Ukisikia zinagonga sakafuni anapotembea, zimeshakuwa ndefu.

Zile siku za kwanza za kumrudisha ndani, mshike kwa kanga. Ikunje kwa urefu, ipitishe chini ya tumbo karibu na paja, shika ncha mbili juu ya mgongo. Usimnyanyue. Shikilia tu ili akiteleza asifike chini. Ni dume, kwa hiyo angalia kanga isimbane anapokojolea. Akishajua kwamba haanguki tena, ataacha kutetemeka mwenyewe.

Kilo 47 ni nyingi. Mbwa wa miguu minne hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake mbele na 40 nyuma. Ukiondoka mguu mmoja wa nyuma, ule uliobaki hubeba kama robo ya uzito, na zaidi ya theluthi mbili huangukia miguu ya mbele. Kila kilo ya ziada inakwenda kwenye mabega, vifundo vya mbele na goti moja, na kano za goti hilo zikikatika Jeki atakuwa hana pa kusimamia. Pima hivi: pitisha vidole kwenye mbavu zake. Ukizihisi kama unavyohisi mifupa ya juu ya kiganja chako ukiwa umekinyoosha, yuko sawa. Ukilazimika kubonyeza ili uzitafute, amenenepa. Punguza ugali, ongeza dagaa waliooshwa chumvi au mayai ya kuchemsha. Usimfunge chakula lakini. Yuko kwenye dripu na anahitaji protini, kwa hiyo ashuke polepole huku daktari wenu akimpima. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu usimpe kabisa. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na dripu tayari inaigusa damu yake. Nyama mbichi na utumbo mbichi pia hapana, mpaka matibabu yaishe.

Kumtembeza unaogopa bure. Misuli isiyotumika inapotea, na misuli ndiyo mguu wake wa nne. Mtembeze dakika 5 mara nne kwa siku, hiyo ni bora kuliko dakika 20 mara moja. Na usimvute aende polepole kwa kumhurumia. Mbwa wa miguu mitatu hurukaruka, na mwendo wa taratibu sana humchosha kuliko wa mchakamchaka, kwa sababu kila hatua inabidi ajisukume upya. Mwache aende mwendo wake, akitaka kusimama asimame, akitaka kukaa akae. Mtoke asubuhi kabla jua halijawaka, kwani kurukaruka kunampasha mwili joto haraka. Barazani mfundishe zoezi moja: aweke miguu ya mbele juu ya kidato kimoja cha ngazi, umshikie kipande cha nyama puani, wajukuu wahesabu mpaka kumi. Kazi yote hapo inafanywa na mguu wa nyuma. Jioni msugue mabega na shingo kwa viganja, atakuonyesha mwenyewe panapouma.

Kuna jambo watu hawalioni. Niliwahi kumhudumia mbwa mlinzi wa ghala la kahawa aliyekatwa mguu wa nyuma kama Jeki. Mwenyewe alikuja akisema mbwa amepata kifafa, anapata mitetemo upande wa kovu. Nilikaa nikamtazama. Mbwa akainamisha kichwa kulia, akafumba macho, na misuli ya nyonga upande wa kovu ikaanza kupiga haraka haraka. Alikuwa anajikuna sikio. Mguu wa kujikunia haupo, lakini mwili ulikuwa bado unautuma. Nilipofungua sikio lile nilikuta kupe wamejazana. Kwa hiyo Mwalimu, sikio la kulia la Jeki sasa ni kazi yako. Mkune, lisafishe, litazame kila siku. Atakuegemea mpaka uchoke wewe. Na kupe usiwachukulie wepesi: ugonjwa wa elikia wanaousambaza hushusha chembe za kugandisha damu, na dripu huzishusha hizo hizo. Muulize daktari dawa ya kupe inayofaa wakati huu.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kinga ya mwili huwa chini kabisa. Uwe na kipimajoto cha kidijitali, kipake mafuta ya mgando, kiingize taratibu njia ya haja kubwa. Kikipita 39.5 na mbwa amenyong'onyea, mpigie daktari saa hiyo hiyo, usingoje kukuche. Siku tatu za kwanza baada ya dripu, mkojo na kinyesi chake vishike kwa glavu, matandiko yafue peke yake, na wajukuu wakae mbali na anapojisaidia. Mjamzito asivishike kabisa.

Akishtuka ghafla, akalia na kugeuka kutazama kovu wakati hakuna aliyemgusa, hayo ni maumivu ya mguu usiokuwepo, na wanadamu waliokatwa viungo huyapata pia. Mwambie daktari, kuna dawa ya gabapentini inayosaidia. Ila ya maji ya binadamu usimpe bila kuuliza, kwani nyingine hutiwa utamu kwa zailitoli badala ya sukari, na hiyo ni sumu kwa mbwa. Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki za duka la dawa usimpe hata kwa nusu kidonge. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na parasetamoli humharibu ini, watu wakidhani wanamsaidia.

Mguu wa bandia unahitaji kigutu cha kuufungia, na Jeki amekatwa nyongani, kwa hiyo hakuna pa kuufunga. Kigari humfaa mbwa ambaye mguu uliobaki nao umeshindwa. Mwanao fedha hiyo aiweke kwa ajili ya picha za kifua kila baada ya miezi 2 au 3. Akianza kukohoa, akikonda huku anakula, au akachechemea ghafla mguu mwingine, usiseme amechoka. Apigwe picha.

Ile sindano wanayoisema majirani ina wakati wake. Ukifika utauona: atakataa hata nyama, hatakupokea mlangoni, dawa zitashindwa kumtuliza. Siku hiyo hutakuwa unamuua, utakuwa unampumzisha, na unipigie tuzungumze kama utahitaji. Lakini si sasa. Sasa nunua zulia.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mbwa wangu wa kienyeji, Popi, aligongwa na bodaboda, wakamkata mguu wa mbele wa kushoto. Anatembea, ila akila anaangukia bakuli kwa pua, na ngazi anapanda vizuri lakini kushuka anagoma. Je, naweza kumpeleka baharini aogelee?
Kijana, Tanga

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Wa mbele ni mgumu zaidi kuliko wa nyuma, maana huko ndiko uzito ulipo. Popi akiinamisha kichwa kula, mguu mmoja unabeba kifua, shingo na kichwa, ndiyo maana anaanguka. Weka bakuli juu ya matofali mpaka lifike usawa wa kifua chake, na la maji vivyo hivyo. Kushuka anagoma kwa akili zake, kwani kila kidato ni kishindo kwenye kifundo kimoja. Tafuta ubao mrefu, upigilie gunia la katani juu yake, uulaze kwenye ngazi. Umvishe mkanda wa kifuani wenye mshiko mgongoni, umshike hapo. Usimshike kwa mkanda wa shingo. Kila wiki tazama kile kifundo kilichobaki: kikianza kulala kuelekea ardhini anaposimama, mpeleke kwa daktari mapema.

Baharini nenda, ilimradi nyuzi zimetoka na kidonda kimefunga kabisa. Mara za kwanza maji yasizidi kifua chako na usiachie ule mshiko, kwani mbwa asiye na mguu wa mbele hupinduka upande akiogelea. Mchanga mkavu utamchosha upesi. Nendeni ufukwe wa Raskazone maji yakipwa, mumtembeze kwenye mchanga ule mgumu, mbebe chupa ya maji ya kunywa ili asilambe ya chumvi, na mkirudi umwoshe kwa maji yasiyo na chumvi, hasa kwapani na kwenye kovu.